Mkono wa Kushoto Mfukoni

Injini zilikuwa zinaondoka, na sisi tulijua injini tu. Shida yenyewe ndiyo hiyo, sina haja ya kuipamba.

Gereji yangu ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati unaokunjwa kwenda juu. Sakafu ni ya saruji, lakini imekunywa mafuta miaka mingi mpaka mgeni anadhani ni lami. Ukutani spana zimetundikwa kwa ukubwa wake, na nyuma ya kila moja nimechora kivuli chake kwa rangi nyeupe, ili ikikosekana ionekane kama pengo la jino. Tulikuwa watatu. Mimi, mwenye gereji. Tajiri, ambaye tulimpa jina hilo kwa sababu hajawahi kumaliza wiki bila kukopa. Na Sikio.

Sikio ndiye aliyenifundisha kazi. Niliacha shule darasa la sita, nikaingia mikononi mwake nikiwa sijui bisibisi inazungushwa upande gani. Sasa gereji ni yangu na yeye ni fundi wangu, lakini ananiita mdogo wangu na mimi namwita kaka, na hakuna aliyewahi kuona ajabu. Jina lake alilipata kwa haki. Alikuwa anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwa mlango, anasafisha kabureta. Pikipiki ikikata kona kule kwenye duka la rangi, yeye bila kugeuka anasema, "Valvu." Au anasema, "Mnyororo umelegea, na mwenyewe anaendesha huku amekanyaga breki." Mwenye pikipiki anafika, anazima, anaanza kueleza, sisi tunacheka kwa sababu jibu lilishatoka. Madereva walikuwa wanawekeana dau la soda. Sijawahi kumwona akikosea isipokuwa mara moja, na siku hiyo alikuwa na mafua.

Kazi yetu kubwa ilitoka kwenye kampuni moja ya kusambaza vifurushi. Pikipiki zake zote zilikuja kwetu. Huko ndiko tulikokuwa tunakula, wateja wengine walikuwa wa kuongezea chumvi.

Siku moja asubuhi Sikio yuko kwenye ndoo yake, mara sauti nyuma yake ikasema, "Habari za kazi."

Sikio aliruka, spana ikamwangukia kidoleni. "Umetokea wapi wewe?"

Alikuwa msimamizi wa usafiri wa ile kampuni. "Barabarani, mzee wangu."

"Na hiyo pikipiki umeisukuma?"

"Nimeipanda. Ni ya umeme."

Sikio aliitazama jinsi mtu anavyomtazama mbwa asiyebweka. Mimi nilimtazama Sikio. Ilikuwa mara ya kwanza pikipiki kuingia ndani ya gereji ile bila yeye kujua.

Msimamizi alikuwa mtu muungwana, nampa haki yake. Alikaa kwenye benchi akanieleza bila kuzunguka. Kufikia katikati ya mwaka, pikipiki zote za kampuni zitakuwa za namna ile. Wangependa kuendelea na sisi kwa sababu hatujawahi kuwaibia. Lakini bima yao inataka kila anayezigusa awe na cheti cha ufundi wa pikipiki za umeme, na kwa wingi wa kazi, gereji iwe na mafundi watatu wenye cheti hicho. Chini ya watatu, hakuna mkataba.

"Sisi ni watatu kamili," nikasema.

Alishusha sauti. "Wewe na yule mwingine, sina wasiwasi. Yule mzee, sijui. Vijana wenye vyeti wako wengi, wanazunguka na bahasha. Ukimchukua mmoja, umemaliza."

"Yule mzee ndiye gereji," nikamwambia. "Mimi nalipa kodi tu."

Alinyanyua mabega, akaondoka. Hatukusikia akiondoka.

Nilikwenda chuo cha ufundi. Chuo kizuri, madirisha makubwa, mashine zinang'aa. Karani wa mapokezi aliniuliza kama tuna vyeti vya kidato cha nne. Nikamwambia sisi watatu tukijumlisha madarasa yetu tunapita kidato cha nne na chenji inabaki. Alicheka vizuri, lakini sheria haikucheka. Kitu kimoja alichonisaidia: aliniambia mtihani wenyewe hauulizi umesomea wapi. Mtu yeyote anaweza kujiandikisha akaufanya, na ni wa vitendo. Unapewa pikipiki iliyoharibiwa makusudi, unatafuta ubovu mbele ya mtahini, unajibu maswali. Tatizo ni nani wa kutufundisha mpaka tufike mbele ya huyo mtahini.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo. Hakunyanyua hata kichwa.

"Si una shemeji," akasema.

Mdogo wa kike wa mke wangu ni fundi wa lifti. Anapanda majengo marefu, anaingia kwenye lile shimo la lifti, anashika nyaya ambazo mimi hata kuzitazama sitaki. Tangu nimuoe dada yake sijawahi kumshinda kwa maneno. Jumapili alipokuja, hata kiti sikumpa kabla hajaanza.

"Shemeji leo umenyoa ndevu. Unataka kuomba kitu."

"Nataka unifundishe umeme."

"Wewe? Wewe ambaye taa ya chooni ikiungua unamwita dada yangu ashike tochi?"

"Si mimi peke yangu. Tuko watatu."

"Yesu na wezi wawili," akasema, na mke wangu akacheka mpaka akakaa. Kisha Shemeji akawa mtu wa kazi. "Nina masharti. La kwanza, mkono wa kushoto unakaa mfukoni unapogusa kitu chenye moto. Nyie mikono yenu ina jasho na mafuta. Umeme ukiingia mkono huu ukatokea ule, umepita kifuani, na kifuani kuna mtu anaishi. La pili, hakuna saa, hakuna mkufu, hakuna pete. La tatu, nawajua mafundi wa pikipiki. Nikiona mtu anapiga cheche, nafungasha vyangu."

Hapa inabidi nieleze. Kwenye pikipiki ya injini, ukitaka kujua kama waya una uhai, huchukui kipimo. Unaushika, unaukwaruza kwenye chuma kilicho karibu, unaona cheche. Cheche kubwa, betri nzima. Cheche nyekundu nyembamba, betri inakufa. Hiyo ndiyo mita yetu. Haifundishwi, unaiona kwa mwenzako siku ya kwanza na siku ya pili mkono wako unafanya wenyewe. Ni kama kujikuna. Betri ya pikipiki ya zamani ni ndogo na inavumilia. Betri ya pikipiki ya umeme ni kubwa kama jiwe la kujengea, na haina uvumilivu.

Nilinunua pikipiki ya umeme iliyopata ajali kwa muuza vyuma chakavu, uma wa mbele umepinda kama mguu wa panzi, lakini mota, betri na nyaya ni nzima. Pesa zilikuwa za mke wangu, alizoweka ili tupige dari. Alinipa mwenyewe. "Mabati tumeyazoea," akasema.

Shemeji alikuja kila alasiri akitoka kazini, na Jumamosi mchana kutwa. Aliileta mita yake ya kupimia umeme, akaiweka juu ya benchi kama kasisi anavyoweka kikombe. Alitufundisha kwa vitu tulivyovijua. Betri ni tangi. Waya mnene ni bomba la mafuta. Kontrola, kile kisanduku cha bati chenye nyaya pande zote, ndiyo kabureta: inaamua mota inywe kiasi gani. Tajiri alishika haraka kuliko sisi sote. Mtu ambaye hawezi kutunza pesa siku mbili, kumbe namba za mita anazitunza kichwani wiki nzima.

"Tajiri, ungekuwa na akili hii kwenye mshahara," Shemeji akamwambia.

"Mshahara haukai muda wa kutosha kupimwa, dada."

Mimi nilikuwa wa katikati. Pete ndiyo iliyonichelewesha. Nilivalishwa nikiwa mwembamba, na kidole kikanenepa kikaifunika. Tulijaribu sabuni, tukajaribu grisi, tukajaribu uzi. Shemeji hakukubali niifunike kwa utepe.

"Nilikuwepo siku ulipovaa hiyo pete," akasema. "Ulikuwa kama spoku. Dada yangu anaweza kukusamehe ukiivua. Betri haina msamaha. Ikigusa vyuma viwili, itakuwa nyekundu kama kaa na kidole kiko ndani."

Nilimpigia simu mke wangu kumwomba ruhusa. Akauliza, "Nani anakata?" Nikasema Sikio. "Basi sawa. Ndiye aliyesimamia ndoa, acha aifungue." Sikio alipitisha kipande cha bati chini ya pete ili asinikate, akachukua msumeno mdogo wa chuma, akakata taratibu huku akiimba kwa pua. Mkono wake haukutikisika hata kidogo. Nilifikiri, mikono kama hii, itashindwaje?

Lakini alikuwa anashindwa. Si kwa ujinga. Kila alichoambiwa alikielewa, na akikueleza unaelewa. Ila akikaribia pikipiki, kwanza anainamisha kichwa. Alikuwa anachukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka kwenye mota, mpini anauweka sikioni, kama tulivyofanya kwenye injini. Shemeji alimwona, hakucheka.

"Unasikia nini, kaka?"

"Kimya."

"Basi pima."

"Samaki mkunje angali mbichi, shemeji. Mimi nimeshakauka."

"Samaki mkavu analowekwa," Shemeji akasema. "Shika mita."

Alishika mita. Siku ile ile, jua likiwa bado kali mlangoni, Shemeji alichomoa waya mmoja kwenye aksela, akauficha, akamwambia Sikio atafute kwa nini pikipiki haiendi. Sikio alianza vizuri. Mkono wa kushoto mfukoni, mita kulia. Alipima betri, nzima. Alipima fyuzi, nzima. Akafika kwenye ule waya mwembamba uliochomolewa. Akaweka mita chini ili aufungue vizuri. Mkono wa kushoto ukatoka mfukoni wenyewe, ukaushika ule waya, ukaukwaruza kwenye chuma kilicho karibu. Chuma kilicho karibu kilikuwa kichwa cha betri.

Haikupiga hata cheche ya maana. Tak, basi. Kisha moshi mwembamba wa bluu ukatoka kwenye kontrola, na harufu ya plastiki ikajaa gereji nzima.

 Sikio aliutazama mkono wake kama umetumwa na mtu mwingine.

Shemeji alikunja nyaya za mita, akaitia kwenye mkoba. Nilidhani ni hasira, na baadaye nilijua haikuwa hivyo. Kule kwenye lifti alishawahi kuona mtu akifanya kitu kidogo kama kile. "Niliwaambia," akasema. Akaondoka.

Alipokwisha kutoka, Sikio alivua ovaroli, akaikunja, akaiweka juu ya ndoo.

"Mdogo wangu, tafuta kijana mwenye bahasha."

"Sitafuti."

"Mzoea punda hapandi farasi. Umekaa na mimi mpaka umesahau kwamba una watoto. Mkataba ukienda, wewe na Tajiri mnakwenda. Kwa ajili ya nini? Mkono wa mzee mmoja?"

"Kaka, nilipokuja kwako sikujua kushika spana. Nilivunja boliti ngapi?"

"Zote."

"Ulinifukuza?"

 Tajiri, ambaye huwa haachi nafasi ya mzaha ipite, alikuwa anafuta benchi ambalo lilikuwa safi.

"Kontrola nitanunua nyingine," nikasema. "Kesho uje. Usipokuja, nitafunga gereji nikuuzie sakafu."

Kontrola haikuwa kitu cha kununua kwa chenji. Nilikuwa na mashine ya kuchonga silinda, peke yangu katika mtaa ule. Injini ikichakaa silinda, gereji nyingine zote zilileta kwangu. Ilikuwa imesimama kwenye kona yake ikiwa imefunikwa turubai safi, na mimi nilikuwa naipangusa kila Jumamosi kama gari la harusi. Nilimuuzia jirani, yule wa mwisho wa barabara ambaye alikuwa ananionea wivu tangu zamani. Alileta mkokoteni asubuhi na mapema kabla sijabadili mawazo. Alipoiondoa, sakafu pale chini ilikuwa nyeupe.

Nilikuwa bado naitazama ile sakafu nyeupe Sikio alipoingia. Amevaa ovaroli. Kitu fulani katika mwendo wake hakikuwa sawa, kama mtu aliyeteguka bega. Nikatazama vizuri. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya mfuko, na mfuko alikuwa ameutoboa. Kwenye tundu alikuwa amepitisha ukanda wa mpira wa tyubu, akafunga kifundo cha mkono na mkanda wa suruali, mafundo mawili, kaza kabisa.

"Nani amekufunga?" nikamuuliza.

"Mke wangu. Nimemwambia asinifungue hata nikilia."

"Utafanyaje kazi?"

"Ndiyo nitajua leo."

Alijua. Alifungua gurudumu kwa mkono mmoja, akitumia goti na meno. Alikunywa chai kwa mkono mmoja. Tajiri alimuuliza, "Kaka, ukiwashwa mgongoni?" Akajibu, "Utanikuna wewe, na unikune vizuri." Wateja walidhani ameumia, wakampa pole, akazipokea. Jioni akifika kwake mke wake anamfungua, asubuhi anamfunga. Mita ina ncha mbili, na mtu wa mkono mmoja hawezi kushika mbili, kwa hiyo ile nyeusi aliifungia klipu ya chuma yenye meno, akaibana kwanza, kisha akashika nyekundu peke yake. Alifanya hivyo mara nyingi mpaka ikawa kama kujikuna.

Mke wangu ndiye aliyempelekea mdogo wake habari. Shemeji alikuja akitoka kazini, akasimama mlangoni, kofia yake ngumu bado kichwani. Sikio hakumwona. Alikuwa amepiga magoti mbele ya ile pikipiki ya ajali, kontrola mpya ipo, anapima fyuzi na kujisemea taratibu, "Klipu. Ncha. Soma. Toa." Mara mkono wa kushoto ukajaribu kutoka. Tuliona mpira ukivutika, bega likaruka, kisha mkono ukarudi. Sikio aliutukana ule mkono kwa jina la mama yake, ambaye ni mama yake mwenyewe.

Shemeji alivua kofia, akaingia, akaitoa mita yake kwenye mkoba, akaiweka benchi.

"Hiyo klipu nani kakuonyesha?" akauliza.

"Shida," Sikio akasema.

"Shida ni mwalimu mzuri, lakini haijui kueleza. Sogea."

Kuanzia siku hiyo alitufundisha kama mtu anayelipwa. Akatufundisha mota. Ndani ya mota ya gurudumu kuna vitu vitatu vidogo ambavyo yeye aliviita macho. Vinatazama gurudumu limefika wapi, na kuiambia kontrola. Jicho moja likipofuka, gurudumu linashtuka na kunguruma, haliendi mbele wala nyuma. Pikipiki inanguruma. Sikio alikaa wima kama mtu aliyesikia jina lake.

"Rudia," akasema.

Shemeji alichomoa waya wa jicho moja, akavuta aksela. Ng'u, ng'u, ng'u. Akachomoa wa jicho jingine. Ng'u, ng'u, ng'u. Sikio alifumba macho.

"Hazifanani," akasema.

"Kwangu zinafanana. Na kwa mtahini zitafanana. Ukimwambia umesikia, atakuuliza umepima wapi."

Sikio alifungua macho. "Haya," akasema. "Nitapima."

Siku ya mtihani tulikwenda kwenye karakana ya kile chuo chenye madirisha makubwa. Yule karani alinikumbuka, akaniuliza kama tumeongeza darasa. Tuliingia mmoja mmoja, lakini kuna kioo kikubwa ukutani na tuliobaki nje tuliona na kusikia kila kitu. Mtahini alikuwa mtu wa makamo, mkimya, mwenye ovaroli safi iliyopigwa pasi.

Tajiri aliingia, akatoka kabla sijapata pa kukaa vizuri. Amepita. Alitaka kunikopa hapo hapo ili asherehekee.

Mimi nilipita kwa kukwaruza, sijifichi. Nilipata ubovu, lakini nilizunguka sana kabla ya kuufikia, na swali moja nilijibu kwa mikono kwa sababu maneno yaligoma. Mtahini aliniambia, "Umefaulu, lakini usiache kusoma." Nikamwambia sijawahi kuanza, ila nimemwelewa.

Kisha Sikio. Alikuwa amebaki yeye tu, na mkataba wote ulikuwa umening'inia kwake. Aliingia mkono wa kushoto ukiwa umefungwa kwa ule mpira. Mtahini akauona.

"Mzee, mkono umefanya nini?"

"Umezoea vibaya. Nimeufunga."

"Hapa huruhusiwi kuingia ukiwa umefungwa. Likitokea jambo, unajiokoaje?"

Ilikuwa haki, na hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria, hata Shemeji, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kazini ili aje. Alinishika mkono wa shati akaukunja wote. Sikio alisimama pale kidogo. Kisha akafungua mkanda, akachomoa ule mpira, akaukunja vizuri, akamkabidhi mtahini kama mtu anayekabidhi silaha. Mkono wa kushoto ulitoka nje. Ulikuwa mweupe kwenye kifundo. Aliutazama. Akaurudisha mfukoni.

Pikipiki ilikuwa juu ya stendi, gurudumu la nyuma hewani. Sikio alivuta aksela kidogo. Hata kwenye kioo tuliona gurudumu likishtuka. Kichwa chake kikainama upande mmoja, na mimi ninayemjua nilijua kwamba ameshasikia. Alijua jicho lipi, alijua pale pale. Siku zote za maisha yake hapo ndipo angegeuka na kusema.

Hakusema. Alichukua mita. Klipu nyeusi akaibana. Ncha nyekundu akaishika kwa mkono wa kulia, akaiweka kwenye waya wa jicho la kwanza. Sasa ili jicho lipimwe, gurudumu lazima lizungushwe taratibu, na mkono wa kulia ulikuwa na kazi. Mtahini alisubiri. Sote tulisubiri ule mkono wa kushoto. Sikio alivua kiatu kwa kukikanyaga kwa mguu mwingine, akanyanyua mguu, akalizungusha gurudumu kwa vidole vya mguu, pole pole, kama mama anayetikisa kitanda cha mtoto. Namba za mita zikapanda na kushuka. Jicho la kwanza zima. Akahamia la pili, mguu tena. Zima. La tatu, gurudumu likazunguka na namba haikusogea.

Akalirudia la tatu. Akalirudia la kwanza. Kisha akaweka ncha chini, akavaa kiatu.

"Jicho la tatu limekufa," akasema. "Mota ifunguliwe, libadilishwe. Kontrola haina kosa."

"Umejuaje?" mtahini akauliza.

Nilimwona Sikio akitazama kwenye kioo, upande wetu, ingawa sijui kama alituona.

"Nimepima," akasema.

Shemeji aliuachia mkono wa shati langu, akaenda kusimama karibu na dirisha akitugeuzia mgongo. Tajiri alikuwa analia waziwazi, akisema ni vumbi, katika karakana iliyopigwa deki asubuhi ile. Mimi nilisimama tu. Nimezaa watoto wanne, na nimeona mmoja akihitimu, lakini sijui kama nimewahi kujisikia mrefu vile.

Watu husema fundi mzee hafundishiki. Wanaosema hivyo, wengi hawajajaribu kumfundisha. Wamejaribu kumbadilisha kwa mwingine tu. Sisi sasa tuna mkataba. Msimamizi alikuja mwenyewe, akahesabu vyeti vitatu ukutani, akamshika Sikio mkono. Mwezi uliopita gereji mbili za mtaa zilileta mafundi wao kwetu, na anayewafundisha ni Sikio, akiwa na mita yake mwenyewe ambayo Shemeji alimpa. Kitu cha kwanza anachofanya ni kuwagawia kila mtu ukanda wa tyubu. Anawaambia wajifunge mpaka mkono ukae mfukoni wenyewe, na siku ukikaa, wautupe ule mpira. Wa kwake mtahini alimrudishia. Umetundikwa ukutani kati ya spana, na nimeuchorea kivuli chake.

Ilitugharimu hivi. Pikipiki moja ya ajali. Kontrola moja. Mashine ya kuchonga silinda, pamoja na wateja wote waliokuwa wanaifuata, ambao sasa wanapita mbele yangu kwenda kwa jirani. Dari ya mke wangu. Bado tunalala tukitazama mabati. Pete yangu, vipande viwili, vimo kwenye kikombe juu ya kabati. Ngozi ya kifundo cha kushoto cha Sikio, ambayo haikurudi rangi yake. Na dau la madereva. Pikipiki zinakata kona kule kwenye duka la rangi, na hakuna anayejua zimefika mpaka zisimame mlangoni.